Kununua Godoro la Memori Fomu na Kitanda Mtandaoni: Sifa za Kuuliza na Hukumu Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), ahli zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.



Familia zetu nyingi, Unguja na Pemba, sasa zinanunua vyombo vya nyumbani kupitia simu. Zamani mwenye kutaka godoro alikwenda dukani, akalibonyeza kwa kiganja, akalikalia, akalinyanyua upande mmoja kupima uzito wake, ndipo akazungumza bei. Aliyetaka la sufi au la usumba alishonewa na fundi huku akiona kinachotiwa ndani. Leo inakuja picha kwenye simu, pamoja na bei na namba ya kutumia fedha. Wako walionunua hivyo na wakaridhika. Wako pia walioletewa kitu chembamba, kidogo kuliko kitanda chao, na muuzaji hapokei simu tena.

Makala hii inakusanya mambo mawili ambayo kwa hakika ni jambo moja: hukumu za kununua mali usiyoiona, na sifa za godoro na kitanda ambazo mnunuzi anatakiwa azijue. Tunasema ni jambo moja kwa sababu sheria yetu imeruhusu kununua kitu usichokiona kwa sharti la kuelezwa sifa zake wazi. Maelezo ndiyo yanayochukua nafasi ya jicho. Yakikosekana maelezo, mkataba una kasoro katika dini na mfuko uko hatarini katika dunia.

KUNUNUA KITU USICHOKIONA

Wengi wetu visiwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, Allah amrehemu. Wanafunzi waliosoma Matn Abi Shujaa vyuoni wanakumbuka kuwa mauzo yamegawiwa mafungu matatu. La kwanza ni kitu kinachoonekana mbele ya wanaouziana, na hilo linajuzu. La pili ni kitu kilichoelezwa sifa zake na muuzaji akakibeba katika dhima yake, nalo linajuzu iwapo kitapatikana kwa sifa zilizotajwa. La tatu ni kitu maalumu ambacho hakipo mbele yao na mnunuzi hajakiona, na hilo halijuzu kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Mahanafi wanalijuzisha, na mnunuzi akakiona kitu ana khiyari ya kukichukua au kukiacha.

Tutumie mgawanyo huu kwenye godoro. Ukiagiza godoro jipya la aina fulani, lenye vipimo fulani, na muuzaji anaweza kukuletea lolote katika yale ya aina hiyo, umo katika fungu la pili. Hilo ni halali, sharti sifa zitajwe. Lakini mtu akitangaza godoro lake alilolitumia, lile lile lililo chumbani mwake, hilo ni fungu la tatu. Nenda ukalitizame, au mtume unayemwamini alitizame kwa niaba yako, kisha ndipo mkubaliane.

Msingi wa fungu la pili ni hadithi ya Ibn Abbas (radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya kuyapokea, akawaelekeza kwamba mwenye kutanguliza malipo na afanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Mambo haya matatu, kipimo, uzani na muda, ndiyo tutakayoyafuata hadi mwisho wa makala.

Jambo jingine ni la muuzaji mwenyewe. Wako wanaochukua picha za maduka ya nje, wakaweka bei yao juu, na mali hawana wala hawajainunua. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (radhi za Allah ziwe juu yake) kuuza asichonacho. Mwenye kufanya kazi hiyo ana njia za halali: awe wakala wako kwa ujira unaojulikana, au anunue kwanza na kupokea ndipo akuuzie, au auze kwa sifa kamili na ajifunge kuileta. Muulize wazi: «Mali iko mikononi mwako, au unaagiza?» Jibu lake litakuonyesha unaingia mkataba gani.

MEMORI FOMU NI NINI

Memori fomu ni sponji ya poliyurethani iliyotiwa viungo vya kuifanya izame polepole chini ya uzito na joto la mwili, kisha irudi umbo lake polepole. Ilibuniwa mwaka 1966 katika kituo cha utafiti cha Ames cha shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Baadaye ikaingia hospitalini kwa wagonjwa wanaolala muda mrefu, kisha majumbani.

Faida yake ni kwamba inagawa uzito wa mwili, bega na nyonga visibanwe sana, na mmoja akigeuka mwenzake hatikisiki. Kasoro yake kwetu ni joto. Sponji hii inalainika kadiri joto linavyopanda, na inaukumbatia mwili hata hewa ikawa haipiti vizuri. Chumba chenye baridi cha Ulaya na chumba cha Ng'ambo wakati wa kaskazi si kitu kimoja, na godoro linalosifiwa kule linaweza kumtoa mtu jasho huku.

Godoro zima karibu kila mara haliwi memori fomu tupu. Juu kuna tabaka la memori fomu, chini kuna sponji ya kawaida iliyo ngumu ya kubeba. Hapa ndipo penye hila nyingi. Godoro la inchi 10 linaweza kuwa na sentimita 10 za memori fomu, au sentimita 2 tu, na yote mawili yakaitwa kwa jina moja.

SIFA ZA KUULIZA

Kipimo. Kwetu tunasema tatu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, na tunakusudia futi. Mtandaoni utakuta maneno kama kwini na kingi, na maneno hayo hayana kipimo kimoja. Kitanda chetu cha tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183. Godoro la kwini la Marekani ni sentimita 152 kwa 203, yaani upana ni ule ule lakini litatokeza sentimita 20 miguuni. Kingi ya Uingereza ni sentimita 150 kwa 200, na kingi ya Marekani ni 193 kwa 203. Neno moja, na tofauti ya upana ni sentimita 43. Usikubali jina. Chukua utepe, pima ndani ya fremu ya kitanda chako, na uandikiane na muuzaji kwa sentimita.

Unene wa kila tabaka. Uliza unene wa jumla, unene wa memori fomu peke yake, na unene wa sponji ya chini. Kwa hali yetu ya hewa, tabaka la memori fomu la sentimita 5 juu ya sponji imara linawatosha watu wengi. Likizidi sana unene, unazama zaidi na joto linaongezeka.

Densiti. Hii ni uzani wa sponji katika mita moja ya ujazo, na ndiyo sifa inayotabiri godoro litaishi muda gani. Memori fomu iliyo chini ya kilo 48 kwa mita ya ujazo huhesabiwa nyepesi, kati ya 48 na 80 ni ya wastani, na zaidi ya hapo ni nzito. Kwa mwenye bajeti ndogo, karibu na kilo 50 ni pahala pazuri pa kuanzia. Muuzaji akikujibu kwamba ni «densiti ya juu» bila namba, hajakueleza kitu.

Uzito wa godoro zima. Hii ndiyo mizani yako ya kuhakikisha maneno ya muuzaji. Zidisha urefu, upana na unene kwa mita upate ujazo. Godoro la sentimita 152 kwa 183 lenye unene wa sentimita 25 lina ujazo wa karibu mita 0.695. Ikiwa kweli lina sentimita 5 za memori fomu yenye densiti ya kilo 50, hiyo ni karibu kilo 7. Ikiwa sentimita 20 za chini ni sponji ya densiti ya kilo 28, hiyo ni karibu kilo 15 na nusu. Jumla ni kilo 22 na nusu hivi kabla ya kitambaa. Basi tangazo likisema godoro hilo lina kilo 12, gawa 12 kwa 0.695, utapata wastani wa kilo 17 tu kwa mita ya ujazo. Sponji nyepesi kiasi hicho hubonyea mapema, na sifa alizotaja haziwezi kuwa za kweli. Uzani unaojulikana, kama alivyoelekeza Mtume (s.a.w.), una faida hadi katika godoro.

Joto na kitambaa. Tafuta memori fomu yenye vitundu vya kupitisha hewa, na kitambaa cha juu cha pamba au kinachopumua, chenye zipu ili kitolewe na kufuliwa. Memori fomu ya jeli husaidia mwanzoni mwa usiku, lakini jeli nayo hupata joto la mwili. Usilipe pesa nyingi kwa ajili ya neno hilo peke yake.

Usalama wa sponji. Magodoro ya nje huwa na alama kama CertiPUR-US au OEKO-TEX, zinazoonyesha kuwa sponji au kitambaa kimepimwa kemikali. Omba namba ya cheti, si picha ya alama. Kwa yanayouzwa hapa, uliza juu ya alama ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) au ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Na mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja asilazwe juu ya memori fomu. Anahitaji godoro gumu lililo bapa, kwa sababu sponji inayozama inaweza kumziba pumzi.

KITANDA CHENYEWE

Memori fomu haina nguvu ya kujibeba. Ikikosa kitanda kizuri itazama na kupasuka hata ikiwa ya bei ghali. Angalia haya.

Chaga ziwe karibu karibu. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8. Ikizidi, sponji huingia katikati na kuvunjika. Kwa kitanda cha futi tano au sita, lazima kuwe na boriti ya katikati yenye mguu unaofika chini.

Hewa ipite chini ya godoro. Unyevu wa visiwani, hasa wakati wa masika, hutia ukungu kwenye godoro lililolazwa sakafuni au juu ya ubao mzima usio na matundu. Chaga ni bora kuliko ubao. Godoro na linyanyuliwe liegemezwe ukutani mara moja kwa wiki kadhaa lipate hewa, lakini lisianikwe juani kwa muda mrefu, kwani jua linaichakaza sponji.

Mali ya fremu. Vitanda vya bei nafuu vya mtandaoni vingi ni vya MDF au chipubodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Vikipata unyevu huvimba, na skrubu hulegea. Vya chuma huota kutu mapema kwa hewa ya chumvi iwapo rangi yake ni nyembamba. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kitanda kutoka mbali, nenda kwa fundi seremala wa mtaani kwako umuulize bei ya kitanda cha mninga, cha mtiki au cha mfenesi. Mara nyingi ukijumlisha nauli ya kitanda cha mtandaoni, cha fundi hakikuzidi kwa mengi, kinatengenezwa kwa kipimo cha chumba chako, nguzo za chandarua zinakuwa sehemu yake, na siku kikilegea fundi unamjua nyumbani kwake.

Njia ya kuingilia. Wakaazi wa Mji Mkongwe wanajua ngazi zao. Pima mlango na pembe ya ngazi. Godoro lililobanwa na kukunjwa ndani ya boksi lina manufaa hapa, na kitanda kiwe cha kufunguka vipande.

BEI NAFUU NI IPI

Wazee wetu walisema rahisi huvunja upishi. Unafuu wa kitu hupimwa kwa gharama zake zote na kwa muda kitakaokutumikia. Jumlisha bei, nauli ya gari hadi bandarini, nauli ya boti, ushuru na gharama za bandarini ikiwa zipo, na gari la kukufikishia mlangoni. Kisha gawa kwa miaka. Tuseme godoro moja hadi linafika linasimama shilingi 250,000 na linabonyea baada ya miaka 2: kila mwaka umelipa 125,000. Jingine linasimama 600,000 na linakaa miaka 8: kila mwaka umelipa 75,000. La pili ndilo rahisi, kwa mwenye uwezo wa kulilipia mara moja.

Asiye na uwezo huo asijidhili. Godoro zuri la sponji ya kawaida yenye densiti ya kutosha, lililonunuliwa dukani na kubonyezwa kwa mkono, ni bora kuliko memori fomu ya jina tu. Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) ametueleza kuwa godoro la Mtume (s.a.w.) lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende. Na katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim imetajwa kwamba mtu anahitaji tandiko lake, la mkewe na la mgeni, na linalozidi haja ni la Shetani. Maana yake wanazuoni wamesema ni kinachochukuliwa kwa fahari bila haja. Kununua starehe ya halali kwa ajili ya mgongo unaouma si israfu. Kukopa ili jirani aone picha ndiyo israfu.

NAMNA ZA KULIPA

Ya kwanza na iliyo salama zaidi ni kulipa godoro likifika. Mazungumzo ya kwenye simu yanakuwa ahadi, na mauziano yenyewe yanafanyika mlangoni kwako baada ya kuliona. Hapa hakuna utata, na mnunuzi hakutanguliza chochote.

Ya pili ni kulipa bei yote mwanzo, godoro lije baadaye. Hii ni bei ya salam, na ina masharti yake: sifa zote zitajwe, siku na pahala pa kukabidhiwa patajwe, na bei ilipwe yote pale mnapokubaliana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, lilipitisha kuwa mikataba ya njia za kisasa za mawasiliano ni sahihi, na kwamba fedha kuingia katika akaunti ya mtu ni kukabidhiwa kihukumu. Kulipa nusu sasa na nusu baadaye kwa mali ambayo nayo bado haijaja kunaingia kwenye shaka ya kuuza deni kwa deni. Tunakunasihi ukuepuke.

Kitanda cha kutengenezwa na fundi ni suala jingine. Hiyo ni istisnai, na Baraza hilo hilo mwaka 1992 liliruhusu bei yake kulipwa yote baadaye au kwa awamu, maadamu aina, sifa na muda vimetajwa.

Ama arubuni, ile pesa ya kuzuia mali ambayo hupotea ukighairi, jamhuri ya wanazuoni pamoja na madhehebu yetu wameikataza, na Mahanbali wameiruhusu. Baraza la Fiqhi mwaka 1993 lilichukua kauli ya kuruhusu kwa sharti muda wa kusubiri ujulikane, na likaitoa bei ya salam katika ruhusa hiyo. Mwenye kujiepusha ni bora kwake.

Kununua kwa awamu kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu kunajuzu, iwapo mmekubaliana bei moja kabla ya kuachana. Kisichojuzu ni sharti la faini ya kuongeza deni ukichelewa, kwani hiyo ni riba. Vile vile mkopo wa simu unaorejeshwa na nyongeza ni riba, hata ikiitwa ada. Usilale juu ya riba.

GODORO LIKIHARIBIKA NJIANI

Mali kabla hujakabidhiwa iko kwenye dhamana ya muuzaji. Ikilowa kwenye boti, ikachanika au ikapotea kabla ya kukufikia, khasara ni yake. Lakini jihadhari na hili: ukimtuma mtu wako Dar es Salaam alipokee na alipandishe boti kuja Malindi au Mkoani, mkono wa wakili ni mkono wako. Tangu alipolipokea limeingia kwenye dhamana yako. Kwa hiyo amua mapema nani anasafirisha, liandikwe, na ikiwa ni mtu wako basi alikague kabla ya kulipokea.

SIKU LINAPOFIKA

Godoro la kwenye boksi likifunguliwa huchukua saa 24 hadi 72 kurudi umbo lake, na hutoa harufu ya kiwandani kwa siku chache. Hizo si kasoro. Fungua madirisha. Lakini lifungue siku ile ile; kulihifadhi likiwa limebanwa kwa miezi hadi siku ya harusi kunaliharibu, na haki yako ya kurudisha inapotea.

Piga picha boksi kabla ya kufungua. Pima urefu, upana na unene baada ya kuvimba. Pima uzito ikiwezekana. Fungua zipu, utizame tabaka na kulipima kwa rula.

Ukikuta limekuja kinyume na sifa zilizoandikwa, una haki ya kulikataa na kudai lile mliloafikiana. Ukikuta kasoro ya zamani iliyofichika, una khiyari ya kurudisha. Katika madhehebu yetu khiyari hii ni ya papo hapo: ukishaijua kasoro, acha kulitumia na umjulishe muuzaji bila kuchelewa. Kuendelea kulilalia baada ya kujua ni dalili ya kuridhia.

Baadhi ya makampuni ya nje hutoa siku 100 za kujaribu. Hii ni khiyari ya sharti. Kwa Mashafii haizidi siku tatu, na Mahanbali wanaruhusu muda wowote unaojulikana. Zaidi ya hukumu, uliza nani analipia kulirudisha. Godoro lililokwisha kuvimba halirudi kwenye boksi, na nauli ya kulirejesha kutoka Wete inaweza kushinda bei yake. Haki isiyotekelezeka usiilipie.

Muuzaji akikataa haki, peleka shauri kwa wazee na sheha kwanza kwa suluhu. Ikishindikana, iko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar inayosimamia haki za mtumiaji. Utakachohitaji ni maandishi. Mali bila daftari huisha bila habari.

TAHARA YA GODORO

Godoro la memori fomu halipendi maji, na nyumba yenye watoto haikosi mkojo. Nunua kifuniko kisichopitisha maji pamoja na godoro lenyewe, na juu yake utandike shuka ya pamba. Najisi ikiingia ndani ya sponji, iondoe kwanza kwa kitambaa mpaka asili yake isibakie, kisha mimina maji juu ya pahala penyewe, uyanyonye kwa taulo na ulikaushe kwa hewa. Mtoto wa kiume asiyefika miaka miwili na asiyekula ila maziwa, mkojo wake hunyunyiziwa maji tu, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Umm Qays. Kulala juu ya pahala penye najisi kavu si dhambi. Kinachokatazwa ni kusali hapo.

KITANDA CHA MAHARI

Tumeliweka mwisho kwa sababu ndipo panapotokea ugomvi mkubwa. Mara nyingi kitanda na godoro huingia katika mahari. Vikitajwa katika mahari, ni mali ya mke. Mume hana haki ya kuviuza bila idhini yake, wala kuvizuia wakiachana. Lakini posa ikisema tu «kitanda kizuri na godoro la kisasa», hicho ni kitu kisichojulikana, na katika madhehebu yetu mahari isiyojulikana hurejeshwa kwenye mahari ya mfano. Walii na waandike: kitanda cha mbao gani, futi ngapi, godoro la unene gani na densiti gani. Au kitajwe kiwango cha fedha, bibi harusi ajichagulie mwenyewe. Na kama kitanda ni cha mume amekitia nyumbani tu kama matumizi, hilo nalo lisemwe siku hiyo hiyo. Aibu ya kuuliza kabla ya ndoa ni ndogo kuliko fedheha ya kugombania godoro mbele ya kadhi.

UJUMBE WA KUMPELEKEA MUUZAJI

Ndugu msomaji, nakili maneno haya, ujaze, umtumie muuzaji, na uhifadhi majibu yake:

«Assalamu alaykum. Nahitaji godoro la memori fomu. Naomba unijibu kwa maandishi:
1. Urefu, upana na unene kwa sentimita.
2. Unene wa memori fomu peke yake, na wa sponji ya chini.
3. Densiti ya kila tabaka kwa namba.
4. Uzito wa godoro zima kwa kilo.
5. Ni jipya? Liko mikononi mwako au unaagiza?
6. Bei yote mpaka mlangoni kwangu.
7. Siku ya kufika, na nani anabeba dhamana njiani.
8. Likija kinyume na haya, unalichukua kwa gharama ya nani, na fedha zinarudi kwa muda gani?»

Muuzaji mkweli hatakasirika. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Hakim bin Hizam, kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa. Muuzaji anayekwepa maswali haya ameshakujibu, nawe usinunue mbuzi ndani ya gunia.

Na wafanyabiashara wetu wa mtandaoni, vijana wetu, nasaha hii ni yenu pia. Andikeni sifa kamili kabla ya kuulizwa. Anayelipa kwa simu bila kukuona amekukabidhi amana.

Tunamuomba Allah azibariki nyumba zetu, aturuzuku halali inayotosha, na atujaalie usingizi wa utulivu na kuamka kwa ajili ya Alfajiri.

Wallahu a'lam.